Neno la Siri la Mtaa Mzima

Mtaani walimwita Katibu, ingawa hakuwa katibu wa chama wala wa kamati. Alikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa iliyokohoa kila asubuhi na benchi la wateja, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu yale wasiyoweza kujiandikia: barua za kuomba kazi, fomu za mtandaoni, maombi ya leseni. Aliyekuja hana barua pepe alifunguliwa papo hapo. Na kwa kuwa wateja wake walikuwa mabingwa wa kusahau, aliwawekea wote neno la siri moja, jina la duka na mwaka lilipofunguliwa. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti aliweka yake. Mtu mzima na akili zake, hakuona kwamba kila aliyejua la kwake alijua na la jirani.

Mama yake mdogo alikuwa mkunga katika zahanati ya jirani, mwaka wa thelathini na moja kazini. Ndiye aliyempokea Katibu siku aliyozaliwa, na hakuchoka kumkumbusha kwamba alitoka amekunja uso kama aliyeamshwa bure. Picha yake, vyeti vyake na leseni yake vyote vilikuwa kwenye barua pepe aliyofunguliwa na mwanawe huyo.

Adhuhuri moja, Katibu akiwa katikati ya chakula, simu ikaleta ujumbe: akaunti ya mama mdogo imefunguliwa kwenye simu ngeni, kama si mwenyewe, achukue hatua. Vidole vilikuwa na mafuta. Akaufuta ujumbe kwa kidole kidogo, akaendelea kula.

Baada ya wiki mbili ukurasa ukazuka mtandaoni. Uso ni wa mama mdogo, namba ya leseni ni yake, na chini yake vinauzwa vidonge vya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Mjamzito mmoja aliviagiza, akavimeza, akakaa nyumbani kungoja mtoto ageuke mpaka akafikishwa hospitali anavuja damu. Mungu mkubwa, mama na mtoto wakapona. Lakini mumewe alikwenda zahanati na simu mkononi, akamwonyesha mkunga uso wake mwenyewe mbele ya foleni nzima.

Siku ile ile Katibu alifunga duka, akabadilisha maneno ya siri arobaini na moja, kila mtu na lake, akawaita wateja waweke namba zao wenyewe. Aliwaambia ni utaratibu mpya. Wakamsifu kwa uangalifu wake, na sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Fundi viatu wa mlango wa pili, aliposikia yaliyompata mkunga, alitikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako. Katibu akainama kutafuta chini ya meza karatasi ambayo haikuwepo.

Mama mdogo alijilaumu mwenyewe. Alisema labda alibonyeza kitu, labda alimjibu mtu asiyemjua, labda kichwa kimeanza kumkimbia. Akaacha kupokea simu. Kwenye chumba cha kujifungulia alisimama nyuma, akawaachia wauguzi vijana. Katibu alijitia hamnazo. Alimwambia mambo haya humtokea yeyote, kisha akajichukia njia nzima ya kurudi dukani.

Wiki ya tatu mama mdogo akaja na karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Nipigie chapa hii, mwanangu. Kesho naipeleka kwa mkuu wa zahanati."

Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Katibu alipiga anwani, akapiga tarehe, akapiga salamu. Mstari wa tano ulisema: kwa uzembe wangu nimeshindwa kulitunza jina langu. Hapo vidole vikagoma.

"Mama, hapa pana kosa."

"Nimeandika vibaya?"

"Uzembe si wako. Ni wangu."

Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye kibodi: neno moja la wateja wote, namba yake ya simu, ujumbe ule alioufuta kwa sababu ya chakula. Alipomaliza, mkunga aliikunjua mikono yake mapajani, akaitazama.

"Wiki tatu mikono hii naificha mfukoni nikidhani imezeeka," alisema. "Na wewe ulikuwa unaniona."

Katibu akasema ndiyo.

Mama mdogo akaichana barua yake, akamtaka aandike nyingine kwenda kwa mkuu wa zahanati, aeleze kila kitu, hata yale mafuta ya vidole, na atie sahihi kwa jina lake kamili. Ilipokamilika, mama mdogo aliisoma mara mbili, akaiweka mkobani. Katibu alingoja kusamehewa, na hakusamehewa.

Kisha mama mdogo akatoa simu, akaomba aonyeshwe namna ya kubadilisha lile neno jipya la siri alilowekewa. Katibu akamwelekeza: liwe refu, lisiwe jina wala mwaka wa mtu, lisitumike pengine popote, na namba ya kurejeshea iwe ya kwake mwenyewe. Walipofika mahali pa kuliandika, mkunga akaikumbatia simu kifuani.

"Geukia ukutani," alisema.

Katibu akageuka. Alisimama mbele ya kalenda ya mwaka jana, akisikia kidole cha mama yake mdogo kikibonyeza polepole, herufi moja baada ya nyingine.