Mkono wa Fundi

Fundi wetu wa kompyuta pale Kibiti husema na mashine kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtoto, na kabla ya kubonyeza chochote hufuta kidole kwenye shati. Siku ile alikuwa akiiwekea ruta ya Bi Waride, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, programu mpya, ile ya bure inayopatikana mtandaoni, ili ikubali modemu na mama huyo amwone mjukuu wake aliyezaliwa Maskati. "Ikizimika katikati, ruta imekufa," alituonya sisi tuliozoea kuketi dukani kwake. "Msiguse kitu." Hatukugusa. Ila adhana ya alasiri ilipoanza, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi ya ekstensheni, kama kila siku anapozima redio. Ruta ikazimika. Aliiwasha upesi, akangoja, taa haikurudi.

"Tayari, fundi?" Bi Waride akauliza, akitengeneza ushungi wake. "Asije mjukuu akalia akiniona!"

Fundi hakumtazama. Alisema anawahi msikitini, ng'ambo ya barabara. Watu walisali wakatoka, yeye hakutoka. Bi Waride alikaa benchini akitabasamu mbele ya kompyuta, na sisi tuliomzunguka hakuna aliyethubutu kumwambia.