Siku munganga alipima moyo yangu pahali pa ile ya mama mukwe

Bandugu, mucheke tu, juu ile aibu haiishe: hata leo nikipita karibu na ile lopitalo ya munganga ninavuta kofia mpaka kwa macho.

Ilikuwa miaka kidogo kisha uhuru. Mama mukwe wangu wa Burungu alivimba miguu, na kulala chini hakuweza tena, alikuwa anakesha ameikala, juu pumuzi inakatika. Bibi yangu ametoka kuzaa, bashemeji bako na ngombe kule mulimani, basi miye nikajipiga kifua: "Nitamupeleka miye." (Kinywa yangu hii!) Na munajua kwetu: mukwe haangalie mama mukwe kwa uso, hamuguse, hasemi mbele yake. Njia yote bantu bakamubeba kwa tipoyi, kile kiti ya kubeba ku mabega, miye nyuma kabisa, naangalia miti.

Munganga alikuwa na mashini ya kuona moyo ndani ya muntu, mu chumba ya giza totoro. Akasema akikuta moyo imekuwa mukubwa, mama atabaki pale kwa dawa. Ikiwa muzima, arudie nyumbani. Akaniita: "Papa, ingia naye, umusaidie kuvua nguo ya juu."

Kuvua! Mbele yangu! Nikamuacha kwa kiti, nikajifunika blanketi yake kichwa yote, nikarudia nyuma, nyuma, mpaka mugongo ikagusa ubao ya baridi, nikasema asante Mungu, huu njo ukuta, nitasimama hapa kimya. Munganga mu ile giza akanisukumia kioo ya mashini kwa kifua. "Mama, vuta pumuzi. Kamata." Nikavuta, nikakamata (nilizani kila mwenye kuingia anafanyiwa vile, na kusema mbele ya mama mukwe, nitaanzia wapi?). Akafurahi: "Oo, moyo muzuri kabisa, kama ya kijana! Mama, rudia Burungu."

Kumurudisha vile ilikuwa kumurudisha akufe. 

Kwa kiti kukatoka sauti ya kukatika: "Munganga... miye niko huku. Ile moyo iko ya mukwe wangu."

Bakawasha taa. Mulango wazi, bagonjwa bote banachungulia, na miye na blanketi kichwani sawa bibi harusi! Balicheka mpaka bakakohoa. Nikakimbia, nikagonga kabati, machupa chini, paa!

Njo mama mukwe akanyoosha mukono, akakamata yangu mbele ya bote. "Mwanangu, unishike. Hii haya itaniua mbele ya ugonjwa." Mutoto wa nani angesubutu vile? Akanyanyuka, akaniegemea na uzito yake yote, akasimama kwa ule ubao, kumbe ulikuwa wa mashini, bila kutetemeka. Taa ikazimwa. Munganga akaangalia mu kioo, kisha akasema pole pole: "Iko mukubwa sana, mama. Inapiga, lakini imechoka. Utabaki."

Alibaki, miguu ikapungua, na siku ya kurudi alitembea mwenyewe mpaka mu kiwanja yake. Mwanamuke yule, bandugu, ninamuheshimu! Sasa kila sikukuu ananiikalisha pembeni yake, anaambia bageni: "Hawa bakwe bengine tulibapokea hivi hivi. Huyu, moyo yake ilipimwa."

Miye nimeapa: kwa munganga sijifuniki tena kichwa, na akiniita mama, nitasema kwa nguvu niko papa.