Jisikieni Mko Kwenu

Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa dobi wa hospitali mpaka akastaafu, na hata leo hawezi kupita mbele ya shuka lililokunjamana bila kulinyoosha. Watoto wa familia wanamwita Shangazi Pasi. Mume wangu alipofariki, ndiye aliyetoa wazo kwamba ile nyumba yetu ya mapumziko kule mlimani isikae tupu ikaliwa na mchwa, bali tuwapangishie watu wanaotaka kupumzika siku mbili tatu.

Sikulipenda wazo hilo. Nyumba ile mume wangu aliijenga kwa jasho lake, na picha yake imetundikwa sebuleni, kubwa, amevaa suti. Nilimwambia wifi tuitoe kabla ya kuingiza watu tusiowajua. Akakataa. Alisema nyumba isiyo na picha ya mtu inafanana na wodi, na yeye wodi amezichoka.

Kwa wageni ana moyo ambao mimi sikujaliwa. Yupo mmoja aliyepaka nywele rangi akajifutia pazia. Wapo waliochoma nyama bafuni kwa kukimbia mvua. Wifi alisugua masizi, akanuna kidogo, kisha akawaambia karibuni tena. Kila anayempa ufunguo humwambia maneno yaleyale: nyumba ni yenu, jisikieni mko kwenu. Akishayasema hakanyagi pale mpaka ufunguo urudi, labda aitwe.

Jumamosi ile aliitwa. Kijana aliyepanga alipiga simu kwamba jiko la gesi haliwaki na ana wageni njiani. Tulikwenda wote, mimi nikiendesha. Tulimkuta ndani ya suti mpya, yeye na rafiki zake wanapanga viti. Alitupitisha mlango wa nyuma, akaomba tukimaliza tutokee hukohuko. Jikoni alikuwepo mzee mmoja anaosha vikombe. Shati lake lilikuwa safi, lililofuliwa mara nyingi, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa rangi ya viatu ambao povu halikuweza kuutoa.

Wifi alikuwa bado anafunga mtungi mpya gari la wageni lilipoingia. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Wageni walikuwa wazazi wa binti, na shangazi yake, na binti mwenyewe. Walikuja kuona kwao kijana kabla ya kukubali posa. Nikajisemea, huyu ana ujasiri, kuazima nyumba ya kuposea. Ndipo shangazi wa binti akauliza yule bwana wa ukutani ni nani.

"Huyo ndiye marehemu baba," kijana alijibu. "Nyumba hii ndiyo aliyotuachia."

Nilishika meza. Mume wangu, ambaye hakuna mtaa uliowahi kumsema kwa mwanamke, alikuwa amepata mtoto mwenye ndevu nikiwa nimesimama jikoni kwake. Watu wale wangerudi kwao na habari hiyo, nayo ingefika tunakojulikana: kumbe yule bwana alikuwa na mtoto wa nje. Nilipiga hatua kuelekea mlangoni. Wifi akanishika kiwiko. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mzee, aliyeacha kuosha na kubaki na kikombe mkononi.

Kule sebuleni baba wa binti aliomba wasimame, wamwombee marehemu. Viti vikasogea. Mzee naye akainamisha kichwa.

"Mzee," wifi alimuuliza kwa sauti ya chini, "wewe ni nani wao?"

"Dereva."

"Na gari lako liko wapi?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Ni mwanangu, dada. Alisema wakimjua fundi viatu ndiye baba, hawatampa binti. Alisema ni kwa leo tu."

Nimesoma, nimefundisha, nimezika mume. Sikuwahi kuona mtu akiombewa pumziko la milele huku anaosha vikombe vya waombaji. 

Wifi alichukua kitambaa, akamfuta mzee mikono, kidole kwa kidole, akamshika mkono na kumpeleka sebuleni. Nikawafuata. Kijana alipotuona alicheka cheko la mtu aliyebanwa, akamwambia wifi, "Dada wa kazi, chai bado tu?"

"Mimi ni dada wa huyo mliyemwombea," wifi alisema, "na huyu ni mke wake. Tunawashukuru kwa maombi. Lakini baba wa kijana hajafa. Ni huyu. Alikuwa jikoni."

Shangazi wa binti alijiziba mdomo. Kijana akageuka mkali. "Mama, si ulisema mwenyewe nyumba ni yetu mpaka kesho?"

"Nyumba, mwanangu. Kaka yangu sikukupangishia."

Binti alisimama, akamwendea mzee. "Shikamoo, baba." Mzee alimtazama kwanza mwanawe, kama anayeomba ruhusa, ndipo akaitikia marahaba. Kijana hakungoja zaidi. Alichukua funguo za gari, rafiki zake nyuma yake, na vumbi lao likabaki getini bila yeyote kukumbuka kwamba walikuja na mzee.

Nilianza kumweleza baba wa binti mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, na watoto wake ni akina nani. Aliniitikia kwa heshima kila nilipotua, lakini macho yake yalikuwa kwa mzee. Mwishowe akamuuliza atarudije. Mzee akasema atashuka kwa miguu hadi barabarani, asiwasumbue.

"Nyumbani ni wapi?"

"Ni mbali, tena si pa kukaribisha watu. Ni chumba tu, kimejaa viatu vya wateja."

"Tulitoka kuja kuona kwao kijana," baba wa binti alisema. "Bado hatujapaona."

Wakamweka kiti cha mbele. Binti na mama yake wakabanana nyuma na shangazi. Wifi alifungua geti, nami nikamwona mzee ananyoosha mkono kuonyesha njia, kushoto, kisha teremka moja kwa moja.