Kwenda Kamakis Badala ya Njeri

Niliondoka Kiganjo, Thika, kwa sababu kulikuwa na familia iliyotaka kumwona Njeri, na Njeri si mtu.

Mimi na mwenzangu Kimani tulimaliza chuo mwaka jana. Kazi hazikupatikana, tukaanzisha kampuni ya programu katika chumba chake cha kupanga. Zamani kampuni kama hiyo ingehitaji watu wa kujaza nyumba. Siku hizi tuko wawili na mawakala wa akili bandia, yaani programu zinazopewa lengo kisha zinajipangia kazi zenyewe. Mmoja anaandika msimbo wa programu, mwingine anaukagua, na wa tatu anawajibu wateja kwa jumbe za simu. Huyo wa tatu ndiye Njeri. Jina nilimchagulia mimi, baada ya kulifikiria wiki nzima, maana niliogopa kwamba jina la kimashine lingewafukuza watu.

Mteja wetu wa pekee ni Mama Shiku wa Mwiki, Ruiru, anayekodisha mahema na viti. Njeri alikuwa akimjibia wateja, akimpangia tarehe na kuwakumbusha wanaosahau. Mambo yalienda vizuri mpaka msichana mmoja wa Kamakis, hapo hapo Ruiru, alipoandika kwamba baba yake amefariki na wanahitaji mahema. Njeri alimpa pole nzuri sana. Halafu papo hapo akamtajia bei, akamuuliza kama wangependa pia lile jumba la plastiki linalojazwa hewa watoto warukie, kwa kuwa wenye wageni wengi hulichukua. Asubuhi iliyofuata akamkumbusha.

Familia ilimpigia Mama Shiku simu. Hawakuwa na kelele. Walisema tu kwamba wangependa msichana aliyeandika maneno hayo aje mwenyewe nyumbani. Mama Shiku akatupigia sisi: tusipolimaliza jambo hilo, anarudia njia yake ya zamani ya kuwajibu wateja mwenyewe. Na Kimani alikuwa ameitiwa kazi Nairobi. Alikuwa ameniambia wazi kwamba Mama Shiku akituacha, yeye ataenda.

Asubuhi, Kiganjo. Kimani alimwambia Njeri aandike maneno ya kuomba msamaha, na kabla sijafunga kamba za viatu yalikuwa tayari kwenye simu yangu.

"Wewe soma tu hii," Kimani akaniambia. "Ni poa kuliko chochote utasema wewe. Wewe ukianza utajieleza mpaka wakuhurumie."

Niliyasoma. Yalikuwa mazuri kweli. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Barabarani. Thika hadi Ruiru si mbali, lakini mtu wa wasiwasi hufunga safari nyingi ndani ya moja. Tulipopita Juja, kichwani mwangu nilikuwa nimeshafukuzwa na ile familia. Kabla ya Ruiru walikuwa wamenisamehe. Niliposhuka walikuwa wamenifukuza tena, safari hii mbele ya mchungaji. Nilijiuliza pia swali ambalo sikuwahi kumwuliza Kimani: ikiwa mawakala wanaandika, wanakagua na kujibu, sisi tunafanya nini hasa? Nilikuwa nikijiambia kwamba sisi ndio tunaofikiri. Lakini jumba la hewa matangani, nani alikuwa amelifikiria?

Mwiki. Mama Shiku nilimkuta uani akisimamia viti vikioshwa. Tulikuwa tumezungumza kwa simu tu, kwa hiyo alinitazama kwa muda.

"Kumbe wewe ndio msichana wa kompyuta," alisema. "Nilidhani utakuwa mkubwa kidogo."

Alinipa kiti chenye maji, nikakaa hivyo hivyo. Nilimweleza kwamba Njeri alijifunza kazi kutoka kwa jumbe zake za zamani, zile alizotupa mwenyewe, na kwamba nilikuwa nimezipitia zote tena bila kuona mazishi hata moja. Harusi zilikuwemo, ruracio, yaani sherehe za mahari, zilikuwemo, sherehe za watoto ndio usiseme.

"Utaonaje na hayako huko?" alisema. "Nikisikia msiba mimi huenda. Naketi, tunaomba, nakunywa chai. Viti hata hatutaji. Siku ya pili ama ya tatu mtu wa kamati ya mazishi ananisindikiza mpaka kwa geti, ananiuliza niko na hema ngapi. Sasa hapo nitaandikia nani meseji?"

Nilimwuliza mbona hakutuambia.

"Mbona hamkuuliza?" alisema, akacheka kidogo. "Nilijua mnajua. Kwani Thika watu hawafi?"

Thika watu wanafariki, na mimi nimekwenda kwenye matanga mengi. Nilijua yote aliyoyasema. Sikuwa nimefikiri tu kwamba kujua huko kulikuwa sehemu ya programu.

Mchana, njia ya Kamakis. Tulikwenda kwa pikapu yake. Njiani alisimamisha tukanunua sukari, unga na majani ya chai, kwa kuwa huendi kwa wafiwa mikono mitupu. Tulipokuwa tukirudi garini akanieleza mpango wake.

"Ukifika pale, wewe ndio Njeri. Nimeshawaambia ni mtoto wa dada yangu, na bado anajifunza kazi."

"Lakini mama, Njeri ni..."

"Najua Njeri ni nini. Wewe omba msamaha, tunywe chai, tutoke. Ama Njeri wako atakasirika?"

Niliweka unga nyuma ya pikapu. Ulikuwa mpango mzuri, na ungetuachia mteja wetu. Ningekuwa Njeri kwa muda wa kikombe kimoja. Kisha nikawaza kwamba kuanzia siku hiyo ningekuwa Njeri kwa kila atakayeniona Kamakis.

Kamakis, alasiri. Tulipita moshi wa nyama choma pale barabarani, tukaingia kwa njia ya nyuma hadi kwenye geti lililokuwa wazi. Uani kulikuwa na viti vya kanisa vilivyopangwa tayari, na kina mama wakimenya waru, yaani viazi. Mama Shiku aliviangalia vile viti. Kazi ile ilikuwa imekwenda kwa wengine.

Tuliombewa, tukapewa chai. Mjane alikuwa ameketi karibu na mlango, shuka begani, na nyuma yake alisimama binti yake Wangari, yule aliyeandika. Ni wa umri wangu. Alinikagua usoni mpaka nikatazama kikombe.

"Huyu ndio Njeri?" mjane aliuliza.

Mama Shiku alinigusa goti. Simu yenye maneno ya msamaha ilikuwa mkononi mwangu.

"Hapana, mama," nilisema. "Njeri si mtu. Ni programu ya kompyuta. Tuliitengeneza mimi na mwenzangu, na hatukuifundisha mambo ya msiba."

Wamenyaji wa waru waliacha kumenya. Wangari alisema polepole kwamba hata yeye alishuku, kwa vile hakuna mtu anayejibu haraka hivyo. Lakini mama yake hakumsikia. Alikuwa bado akinitazama mimi.

"Yale ya mwanzo yalikuwa mazuri," alisema. "Kabla ya hayo ya watoto kuruka. Nilisomewa mara mbili. Sasa ile pole ilitoka kwa nani?"

Mimi huwa na majibu mengi kwa kila swali, hilo ndilo tatizo langu. Lakini hapo nilimwambia sijui.

"Basi nipe yako."

Simu niliiweka kando. Nilimwambia pole sana, mama. Nilitaka kuongeza kitu kuhusu mzee, nikakumbuka kwamba hata jina lake silijui, nikamwuliza. Aliniambia. Kisha akaniambia mengine: alivyopenda kubishana na redio, alivyokataa kuvaa miwani. Wangari alikuja akaketi. Niliendelea kusikiliza. Chai yangu iliongezwa.

Kurudi. Mama Shiku aliendesha pikapu mpaka tukakaribia Ruiru.

"Umeniaibisha," alisema. "Sasa dada yangu ako na mtoto mwenye hayuko." Alibadilisha gia. "Kesho niko na ruracio. Hiyo programu yenu iendelee na hizo. Lakini jina mtoe. Na ikisikia mtu amekufa inyamaze, inipigie mimi."

Jioni, Kiganjo. Kimani aliandika maagizo hayo kwa sentensi mbili, na wakala akayatekeleza kabla chai haijachemka. Kwa kazi hiyohiyo mimi nilikuwa nimemaliza siku nzima. Kimani aliuliza kama tungeiacha angalau itoe pole, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Nilimsimulia swali la mjane, akaifuta mwenyewe.

Nimejifunza kwamba kujenga kumekuwa rahisi kuliko tulivyofundishwa chuoni, na mawakala watazidi kuirahisisha kazi hiyo. Lakini watu wakishaguswa na ulichojenga, watataka kumjua aliyekijenga, na lazima awepo wa kuitika.

Jumamosi Mama Shiku alipiga simu. Programu ilikuwa imenyamaza na kumwita, kama tulivyoagiza. Kulikuwa na msiba jirani na Mwiki.

"Naenda saa hii," alisema. "Unakuja ama hukuji?"

Nikavaa viatu. Kimani, ambaye hakuwa bado ameijibu ile kazi ya Nairobi, alifunga kompyuta, akatafuta jaketi lake, akauliza kama kwa msiba mtu hubeba sukari ama unga.