Mashine Iliyofaulu Butembo Ikashindwa Beni

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali, mwanangu, tuliposhuka Beni kutoka Butembo na kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa blanketi, nikiwa nimeipakata njia nzima kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Zilikuwa nyakati za vita. Nchi ilikatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake, na askari walifunga barabara kila walipotaka. Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, msichana mwenye imani kali kwamba aliyepata kusoma wakati wengine wanakimbia risasi hana haki ya kukaa bure.

Kompyuta ile ilinunuliwa dukani, ikapitia mpaka wa Kasindi kwenye lori la sabuni. Ilikuwa nzuri lakini nzito ya mwendo. Kambale, mwenzangu wa chuo, aliifungua, akahamisha vijiti vidogo vya plastiki kwenye ubao mkuu unaobeba vipande vyote, na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ikaanza kukimbia kupita kipimo cha kiwanda. Tuliijaribu Butembo tangu alfajiri hadi adhuhuri, sisi wenyewe tumevaa masweta. Haikukwama hata kidogo.

“Hii haiko tena machine ya duka,” Kambale alisema. “Ni avion! Tuipeleke kiwanja ya Rughenda, iruke na ndege zingine.”

Tulicheka. Nami nilijivuna naye, sitakuficha.

Kazi iliyotupeleka Beni ilikuwa hii. Watu wengi walikuwa wamekimbia vijiji vya upande wa Mutwanga, na katika kukimbia, wazazi walipotezana na watoto. Redio ndogo ya Beni, iliyosimamiwa na Prof, mzee aliyefundisha fizikia maisha yake yote, ilitaka kurekodi sauti za akina mama na kuzipeleka Lubero, ambako watoto kadhaa walisikika kuwa wamefika. Redio ya Lubero ilikuwa imeporwa; kilichobaki ni mtambo wa kurushia matangazo na chombo cha kuchezea diski. Kwa hiyo ilitubidi tuziandike sauti zile kwenye diski, na diski tupu tulizokuwa nazo zilikuwa chache.

Wa kwanza kuketi mbele ya maikrofoni alikuwa Mama Kasoki. Mwanawe wa kiume, mdogo mno, alikuwa na jina la babu yake. Kwa hiyo nyumbani walimwita Koko, kama watoto wengi wa kwetu wanavyoitwa wakibeba jina la babu.

“Jina ya karatasi haijue,” alituambia. “Banaweza kuisoma ku redio mpaka kesho, hataitika. Anajua tu Koko, na sauti yangu. Basi mutume sauti yangu.”

Gari la kwenda Lubero lilikuwa uani, na dereva alitaka kuondoka mchana uleule, kabla ya kizuizi cha askari barabarani kufungwa. Hakuna aliyejua kama barabara ingefunguliwa tena.

Basi tulimrekodi yeye na wenzake. Kisha Kambale akaanza kuandika diski, na katikati ya kazi kioo kikaganda. Akazima, akawasha. Ikaganda tena, na diski ya pili ikaharibika. Hapo akashikwa na wazimu wa mafundi, ambao nawe utaujua kama hujaujua bado. Aliongeza umeme unaoingia kwenye prosesa, akabadilisha kipande cha kumbukumbu, akahamisha waya wa jenereta, yote kwa pumzi moja. Sasa mashine haikuwaka kabisa.

“Ni courant ya huku,” alisema, akiulaumu umeme, jasho likimtiririka. “Courant ya Beni iko mubaya.”

Prof alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu.

“Kambale, umebadirisha bintu ngapi?”

“Tatu, Prof. Ao ine.”

“Pa mara moja?”

“Tuko mbio, Prof.”

“Mbio ya kwenda wapi? Hata ikipona sasa, hautajua nini imeiponyesha. Na ikikufa, hautajua nini imeiua. Niliwafundisha kupima, batoto. Haya si kupima, ni kucheza bahati nasibu na mwana wa mwenyewe.”

Alitazama upande wa Mama Kasoki aliposema hivyo. Mama yule alikuwa ametulia, mikono magotini. Nimekemewa mara nyingi maishani, lakini hakuna kemeo lililowahi kunisimamisha wima kama lile. Nilimwambia Kambale anipe bisibisi.

Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa asubuhi, nikawasha. Mashine ikaamka. Nilipima umeme wa jenereta: ulikuwa sawa, Beni haikuwa na kosa. Nilirudisha kipande kipya cha kumbukumbu peke yake, nikaipa kazi: ikaganda vilevile. Nikakitoa. Kisha nikafungua sanduku, nikasogeza kiganja karibu na chuma kinachopoza prosesa, na nikaurudisha mkono upesi. Kilikuwa cha moto kama sufuria.

Ndipo nikaona upumbavu wetu. Tuliijaribu Butembo, mlimani, katika baridi inayotufanya tuote moto asubuhi, tukaileta Beni, bondeni, ambako joto linakaa chumbani kama mgeni asiyeaga. Feni ile ndogo ya dukani ilitosha kwa mwendo wa kiwanda. Kwa mwendo wetu, ilisaidiwa na baridi ya Butembo bila sisi kujua.

Prof alileta feni kubwa kutoka sebuleni kwake, tukaielekeza ndani ya sanduku. Mashine haikuganda tena.

“Tumeshinda!” Kambale akapiga kelele. “Andika!”

Tuliandika, ikafika mwisho. Nilitaka kuisikiliza kwanza. Kambale alisema hakuna wakati. Niliisikiliza hata hivyo. Sauti ya Mama Kasoki ilikuwa imekatikakatika, na pale alipoita jina la mwanawe palisikika mkwaruzo tu.

Nikarudi kwenye ubao mkuu, nikauchunguza upya. Vile vijiti, tulipovihamisha, havikuikimbiza prosesa peke yake. Kwenye kompyuta ile ya dukani, mapigo yaleyale yanayoipa prosesa mwendo yaliongoza pia njia ya sauti na njia ya diski kuu. Prosesa iliweza kuvumilia ikipata upepo; wenzake hawakuweza. Hakukuwa na njia ya kuwatenganisha, maana kiwanda hakikuiacha njia hiyo wazi.

“Narudisha mwendo wa duka,” nilisema.

“Masika, hapana!” Kambale aliniita kwa jina langu, akashika sanduku. “Itachukua saa mingi. Gari itatuacha. Acha nipunguze kidogo tu, kidogo!”

“Hiyo ‘kidogo’ tutaipima na diski gani? Imebaki moja.”

Aliachia. Nikavirudisha vijiti mahali pake, nikafungua rekodi yenyewe: ilikuwa nzima, iliharibikia njiani kwenda kwenye diski. Lakini alisema kweli: kwa mwendo ule tusingewahi kusafisha kelele za jenereta zilizoingia nyuma ya sauti. Nikaamua tusisafishe. Mtoto anayemjua mama yake angemjua hata katika ngurumo.

Nje, dereva alikuwa akipiga honi. “Mimi siko nangoja tena! Saa ya baaskari kufunga barrière ikifika, hata pasteri hapiti!”

Mama Kasoki aliinuka, akatoka, akapanda garini, akaketi mbele na kufunga mlango.

“Mama, shuka,” dereva alisema.

“Ukienda bila sauti yangu, basi unanibeba miye muzima. Nitamuita mwana wangu kwa dirisha, kijiji kwa kijiji, mpaka uchoke masikio.”

Dereva alizima injini. Nasikia aliwahadithia watu habari ile kwa miaka.

Diski ya mwisho iliandikwa polepole. Tuliisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, jenereta ikinguruma nyuma ya maneno, na jina la Koko likasikika wazi, mara ya kwanza na kila alipolirudia. Gari likaondoka na kizuizi bado wazi.

Huko Lubero, mwanamke aliyekuwa akimhifadhi mtoto asiyesema jina lake aliwasha redio akipika. Mtoto aliacha ugali wake, akaenda kulikumbatia sanduku la redio, akakataa kuliachia. Ndivyo walivyojua yeye ni wa nani. Barabara ilipofunguliwa, aliletwa Beni, na mama yake akampokea uani pale pale.

Mwanangu, sikuzuii kuongeza mwendo wa mashine yako. Akili hukua kwa kujaribu. Ila badilisha kitu kimoja, pima, kisha gusa kingine. Ijaribu mahali itakapofanya kazi, kwenye joto lake na umeme wake. Kazi iliyokamilika isikilize hadi mwisho kabla hujaikabidhi. Na siku utakapoona haraka yako inamharibia mtu anayekutegemea, irudishe nyuma bila haya. Enzi zetu vijana wengi waliahidiwa njia ya mkato, wakapewa bunduki kuipita. Wewe chagua mwendo unaofikisha.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na moyo usiokata tamaa. Kila atakayekukabidhi kilicho chake akipate kizima, na wazazi wako walisikie jina lako likitajwa kwa shukrani.