Telegramu ya Koti

Katika miaka ya tisini nilikuwa fundi redio Makanyagio, mjini Mpanda. Shule niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa na daftari moja ambalo sikumwonyesha mtu. Humo niliandika jinsi hadithi zinavyotengenezwa, kama ambavyo ningechora waya za redio nisiyoifahamu.

Niliandika, kwa mfano, kwamba katika mchezo wa redio mtu hawezi kuingia chumbani mpaka mlango ulie. Bibi yangu, akisimulia kwa Kikonongo, hakuhitaji mlango; alibadilisha sauti tu, na fisi alikuwa ameshaingia. Katika hadithi za picha za magazetini niligundua kwamba pigo lenyewe halichorwi. Kwenye kisanduku kimoja mkono umeinuliwa, kwenye kinachofuata mtu yuko chini, na anayepiga ni msomaji. Barua nazo zilikuwa na njia yake. Salamu zilijaza nusu ukurasa, habari ikajificha nyuma ya maneno "dhumuni la barua hii", na kila mtu niliyemjua aliruka salamu akaanzia hapo.

Telegramu ilikuwa na hadithi moja tu: BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA. Kila mtu alijua maana yake. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwa mtu aliye mbali na peke yake. Anaambiwa kuna ugonjwa ili apate nguvu ya kusafiri, kisha ataambiwa akifika, akiwa ameshikwa mikono.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemtumia mdogo wangu telegramu ya namna hiyo. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko Morogoro. Alikuja mbio, ameshika pakiti mbili za glukosi na chupa ya dawa ya kifua, akakuta kaburi lina siku nne. Hakulia mbele yetu. Siku ya kuondoka aliniambia, "Kaka, siku nyingine mkiniandikia mgonjwa, nitajua nimeshachelewa. Nitakuja taratibu."

Miaka miwili baadaye baba akaugua kweli. Aliishi Ilembo, karibu na shamba lake la mahindi, na kifua kilimbana mpaka akawa analala ameketi. Daktari alinivuta pembeni akasema kama kuna wa kuitwa, aitwe. Baba hakuhitaji kuambiwa. Alisema anamtaka mdogo wangu, tena upesi.

"Nataka mimi nimwone yeye," alisema. "Yeye kuniona mimi nikiwa kwenye sanduku, hiyo hata majirani wataniona."

Hapo ndipo nilipokwama. Simu ya kuongea ilikuwa ofisini kwa meneja wa shamba la mkonge, na kibarua hakuitwa kwenye simu ile. Barua ingechukua wiki mbili au zaidi. Telegramu ingefika mapema, lakini nikiandika ukweli, kwamba baba ni mgonjwa sana, mdogo wangu angesoma kwamba baba amekufa. Asingekuwa na haraka tena. Baba alipendekeza niandike kwamba hajafa. Nilimweleza kuwa anayeandika "baba hajafa" anaogopesha zaidi ya anayenyamaza. Alifikiri kidogo, akakubali.

Nikadhani dawa ni sauti yake mwenyewe. Mchana mmoja nilibeba redio kaseti hadi Ilembo, nikaiweka kitandani karibu na mto, nikamwomba aseme na mdogo wangu. Kanda ningempa abiria wa treni. Baba alikohoa, akaketi wima, akaanza: "Mimi baba yako mzazi ninakusalimu, na ninakuachia maneno haya." Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, akiwaasa wanawe wapendane na shamba lisigawanywe.

Niliisikiliza kanda nikiwa kazini kwangu. Ilikuwa sauti ya marehemu. Kinasa sauti kilikuwa kimemfanya azungumze kama wazee wanavyozungumza mara ya mwisho. Tena niliona kosa la pili, ambalo lilitakiwa nilione mwanzo: kanda ingethibitisha tu kwamba alikuwa hai siku ile niliyobonyeza kitufe.

Sikuizima, kwa sababu kanda ilikuwa bado inazunguka. Siku ile ya kunasa, baba alidhani tumemaliza. Nikasikia kitanda kikilia, kisha sauti yake ya kila siku:

"Na lile koti langu? Aliondoka nalo Krismasi, akasema anaazima siku mbili. Morogoro kuna baridi gani? Kifungo cha juu nimekishona mwenyewe kwa uzi wa katani. Mwizi kabisa yule."

Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena, mara tatu. Kisha nikafungua daftari, nikatafuta ukurasa wa hadithi za bibi. Nilikuwa nimeandika humo miezi mingi kabla, bila kujua yangenifaa nini: wafu hutoa usia, walio hai hulalamika.

Posta alikuwepo karani mmoja, dada mwenye miwani, ambaye mikononi mwake zilipita telegramu zote za misiba ya mji. Alinijua kwa kuwa nilikuwa nimemtengenezea redio. Alipoona neno MGONJWA alinipa pole ya msiba. Nilisema baba yu hai.

"Wote mnasema hivyo, fundi," alijibu, akaendelea kusoma.

Nilikuwa nimeandika: BABA MGONJWA ANALALAMIKIA KOTI LAKE ULILOAZIMA KRISMASI LETE MWENYEWE TRENI YA KWANZA.

Alinishauri nipunguze maneno, kwa kuwa kila neno lililipiwa, na akaonyesha kwa kalamu lipi la kutoa.

"Toa koti. Mtu anaumwa, wewe unaandika koti?"

"Koti ndilo linalosema hajafa."

Aliisoma upya, midomo ikicheza. Hakuikata. Alisema tu kwamba angekuwa yeye, angeona aibu kuituma.

Treni haikuwa ya kila siku. Ya kwanza iliyoingia baada ya hapo nilienda kuipokea ingawa nilijua ni mapema mno. Ya pili hakuwemo. Nilirudi Ilembo, nikamkuta baba ameacha uji wote kwenye bakuli. Ya tatu ilichelewa mpaka saa tano asubuhi. Mdogo wangu alishuka behewa la mwisho na koti mkononi, halikukunjwa, kama mtu anayepeleka kielelezo mahakamani.

Njiani alinisimulia. Telegramu alikabidhiwa na karani wa shamba aliyekuwa amevua kofia, na wenzake walikuwa wameshatandika mkeka. Alisoma maneno mawili ya mwanzo, akaketi. Alipofika kwenye koti, akasimama.

"Nikawaambia, maiti hadai koti. Hayo ni maneno ya mzee mwenyewe. Wewe usingeweza kuyatunga."

Nilifikiria mpangilio ule mpaka tulipofika Ilembo. Kama koti lingetangulia na ugonjwa ukafuata, angecheka akasubiri mwisho wa mwezi. Ugonjwa ulipotangulia, ulimwangusha. Koti lilipofuata, likamwinua na kumtia njiani.

Baba alikuwa ameketi kwenye mito mitatu. Alimtazama mdogo wangu kwa muda mrefu, uso, kisha mabega, kisha miguu. Akapokea koti, akapitisha kidole gumba kwenye kola.

"Kifungo cha juu hakipo."

"Kilidondoka, baba."

"Uzi ule haukatiki. Ulikivuta."

Waliendelea na kifungo mpaka jioni. Mdogo wangu alikaa naye siku kumi na moja, akitengeneza uji, akimwinua, akibishana naye. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, baba alifariki, koti likiwa limetandazwa miguuni.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Urambo, mjane anayeishi peke yake. Nilikwenda posta. Yule karani alichukua karatasi yangu, akaihesabu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa na maneno matano: BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA.

Alitafuta kidogo, kana kwamba lazima kuna neno lingine. Kisha akavua miwani.

"Pole, fundi," alisema.