Uzio wa Nyavu Kuukuu

Jina la Bibi Chuma alipewa na wifi yake kwa ukaidi wake, naye badala ya kununa akalivaa kama nguo mpya. Kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko kilimkabidhi kipande cha tope nyuma ya nyumba yake, na miche yote aliipanda mwenyewe, magoti yamezama. Adui yake alikuwa mmoja: mbuzi wa huyo huyo wifi. Maji yakipwa tu, hao wanashuka kutafuna majani kama waalikwa.

Basi akakizungushia kipande chake nyavu kuukuu alizoachiwa na wavuvi. Mbuzi wakakoma. Bibi Chuma akawa anatembea shingo juu. Wifi alimwonya kwamba nyavu zile zitanasa na wasiohusika, akajibiwa kuwa mwenye mbuzi wazururaji hana mdomo wa kufundisha watu uzio.

Asubuhi moja akashuka na kikombe chake cha chai, akamkuta yangeyange, yule ndege mweupe wa miguu mirefu, ananing'inia kwenye uzio, bawa limesokotwa na nyuzi. Kila akimgusa, ndege alimdonoa na kuzidi kujifunga. Akaona wazi kwamba akiendelea peke yake atamvunja bawa. Na jirani wa kumwita alikuwa yule yule. Alisimama pale, tope likimvuta viatu.

"Wifi," akaita mwisho, "njoo na kisu."

Wifi alikuja mbio, akamfunika ndege kichwa kwa mtandio wake, akamkumbatia kama mtoto mwenye homa. Bibi Chuma akakata uzi mmoja mmoja. Walipomwachia, ndege aliyumba, akatua mbali kwenye maji madogo, akajikung'uta kwa hasira.

"Haya, sema," Bibi Chuma akamwambia wifi. "Najua neno limekujaa mdomoni."

"Niseme nini? Mtandio wangu umeshanyewa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Bibi Chuma akashika ncha ya nyavu, akaanza kuzikunja zote, bila kuombwa. Wifi akauliza, na mbuzi je?

"Mbuzi ni wako, wifi. Mimi uzio wangu nimeutoa."

Kufika adhuhuri mbuzi walikuwa wamefungwa, wanalia kama wamefiwa, na wifi anawakatia majani huku akilalamika kwa sauti kwamba uzee huu umemfanya mtumishi wa wanyama. Bibi Chuma alikuwa topeni, akiinua miche iliyolala, akizisikiliza zile lawama kama mtu aliyefungulia redio.